Mifupa ya Mama Mkwe

Wagonjwa ndio waliompa jina la Lala-Chali, naye hakulikataa. Kuanzia saa mbili asubuhi, kila aliyeingia chumbani kwake alipokewa kwa maneno yaleyale: "Karibu. Vua mkanda, vua bangili, toa funguo mfukoni, lala chali." Jina likamganda, hata orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani ikaja ikaandikwa hivyo, na aliyeiandika hakuona ajabu yoyote.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kati ya dirisha la dawa na stoo ya mashuka. Ndani mlikuwa na meza ya kompyuta, kiti chenye magurudumu, na kitanda kirefu cha godoro jembamba. Juu ya kitanda ulining'inia mkono wa mashine, ambao ukiwashwa hutembea taratibu kutoka upande hadi upande, kama mtu anayepiga pasi shuka bila kuligusa. Mashine hiyo haikutafuta mfupa uliovunjika. Ilipima mfupa ambao bado mzima umebakiwa na madini kiasi gani, halafu ikaugawa mwili wote mafungu matatu: haya mafuta, hii misuli, hii mifupa.

Kila asubuhi, kabla hajamwita mtu, Lala-Chali alilaza kitandani kipande cha uti wa mgongo wa bandia kilichofungwa ndani ya plastiki, akakipima. Kipimo chake hakitakiwi kubadilika hata kidogo. "Siku mashine ikiamka vibaya," alikuwa akisema, "bora nijue mimi kabla ya mgonjwa."

Walikuja watu wa kila namna. Wenye pumu na wenye baridi yabisi waliokunywa dawa kali miaka nenda miaka rudi. Wenye figo zilizochoka. Wanawake waliotoka kwenye matibabu ya saratani. Alikuja binti mmoja mwenye ugonjwa wa utumbo, amekonda hata pete hazimkai vidoleni. Baada ya miezi minane ya dawa na chakula, kompyuta ilionyesha ameongeza kilo tatu za misuli mitupu, na Lala-Chali akapiga makofi peke yake mle ndani mpaka muuza dawa akachungulia kujua kuna nini. Aliipenda kazi yake, na hakuwa mtu wa kuficha.

Ila kulikuwa na mwili mmoja ambao kwa miaka kumi na mmoja hakuweza kuufikisha kwenye kitanda kile. Mwili huo uliishi nyumbani kwake, chumba cha nyuma, karibu na bomba. Ulikuwa wa mama mkwe wake.

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata mwanawe wa kumzaa. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na minane, na kustaafu hakukumwondolea sauti. Alikuwa na miaka sitini na saba, na pumu ya tangu usichana. Kila kifua kilipombana alikunywa vidonge vilevile vya zamani, siku tano, siku kumi, wakati mwingine mwezi mzima. Alikuwa na kilo sabini na nne na alijivunia kila moja.

"Mimi nina mwili," alikuwa akisema, akijipiga nyonga. "Hiyo mifupa yenu mibovu ni ya watu wembamba."

Na kazi ya mkwewe hakuielewa vizuri. Wageni wakiuliza aliwajibu, "Mke wa mwanangu ni mpiga picha. Pale hospitali." Wageni wakadhani ni mambo ya pasipoti.

Siku moja Mwalimu alivuta droo ya kabati iliyokwama. Hakuanguka wala hakuteleza. Alivuta tu, na kiwiko cha mkono kikalia *ka*, kama kijiti. Daktari wa mifupa alipomaliza kumfunga plasta, alitikisa kichwa.

"Mama, mfupa mzima hauvunjwi na droo. Nataka upimwe."

"Wapi?"

"Mwisho wa korido."

"Kwa mke wa mwanangu?" Mwalimu alisimama. "Nivae gauni la mgongo wazi nilale mbele ya mkwe wangu? Heri nivunje na huu mwingine."

Nyumbani mambo yakawa magumu. Mwanawe, ambaye ni fundi umeme, alikaa pembeni. Alikuwa ameshika nyaya za moto maisha yake yote na alijua upi wa kutoshika. Kwa hiyo ni Lala-Chali aliyekivunja kimya, jioni moja, akimsaidia Mwalimu kuchana nywele kwa sababu ya lile plasta.

"Mwalimu, nikuulize kitu. Mtoto akigoma kukalia mtihani, ulikuwa unamfanya nini?"

"Hagomi mtu kwangu."

"Na akigoma?"

"Namwambia anaogopa majibu." Kitana kikasimama. Mwalimu akageuka polepole. "Wewe mjanja sana, mke wa mwanangu."

Keshokutwa yake alikuwa kitandani, gauni limefungwa kamba zote, shuka la kujifunika amekuja nalo mwenyewe kutoka nyumbani. Lala-Chali alimwekea boksi la sponji chini ya miguu ili mgongo ulale sawa, akamnyoosha nyonga, akamwambia asitikisike. Mkono wa mashine ukapita. Mwalimu hakusema neno dakika kumi na tano nzima, jambo ambalo mwanawe alipoambiwa hakuamini.

"Haya," alisema akiwa anaketi. "Nimepata ngapi?"

"Majibu atakupa daktari."

"Daktari si mkwe wangu. Ngapi?"

Lala-Chali akavuta kiti. "Mgongo, hasi mbili nukta tisa."

"Hasi?" Macho yalimtoka pima. "Chini ya sifuri? Mimi? Katika kufundisha kwangu kote sijampa mtoto alama ya chini ya sifuri, hata yule aliyenichorea bata kwenye karatasi ya hesabu!"

Akaelezwa kwamba sifuri hapa ni mfupa wa mtu wa miaka thelathini, na kwamba vile vidonge vya pumu vilikuwa vikila madini kidogo kidogo. Akaonyeshwa na mafungu yake: mafuta kilo thelathini na tatu, misuli na viungo laini thelathini na tisa na ushee, madini ya mifupa, kilo moja na gramu mia nane.

"Mifupa yangu yote haifiki kilo mbili?"

"Madini yake. Na misuli ya miguu ni michache, Mwalimu. Ndiyo maana unashika meza ukinyanyuka."

Mwalimu alitazama ile picha ya kijivu kwenye kompyuta, mwili wake umelala kama kivuli. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama yangu alivunjika nyonga akiwa na umri huu. Hakuinuka tena kitandani."

Lala-Chali aliushika ule mkono usio na plasta. "Yeye hakupimwa, mama. Hakukuwa na wa kumwambia mapema. Wewe umeambiwa."

Daktari alimpangia dawa. Dripu moja ya mifupa, mara moja kwa mwaka. Vidonge viwili vya kalsiamu kila siku, na vitamini. Vile vidonge vya pumu vikapunguzwa, akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Maziwa, mayai, maharage. Na mazoezi: kukaa kwenye kiti, mikono imekunjwa kifuani, kusimama bila kushika kitu, kukaa tena, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Halafu kusimama mbele ya sinki na kuinua visigino.

Siku ya kwanza alisimama mara mbili, ya tatu akabaki kitini kama gunia. Alimtazama Lala-Chali kana kwamba kiti kile ni yeye aliyekitengeneza. Lakini Mwalimu ni Mwalimu. Usiku haujaingia alikuwa amechora jedwali nyuma ya mlango wa chumba chake, mistari imenyooka kwa rula, akawa anajitia vema na makosa kwa kalamu nyekundu. Wiki ya tano sauti yake ilivuka ukuta: "Saba! Nane! Usilegee wewe! Tisa!" Jirani alikuja kuuliza kama siku hizi anafundisha watoto wa ziada, maana yeye naye anaye mmoja hesabu zinampiga chenga.

Katikati ya mwaka alitaka kuacha. Alipanda mizani ya bafuni, akashuka, akapanda tena.

"Sabini na nne," alisema. "Miezi sita najitesa, na haijasogea hata nukta. Kazi bure."

"Mizani inajua jumla tu," alijibu Lala-Chali. "Haijui ndani kumehama nini. Vumilia."

Alivumilia, akinung'unika.

Mwaka ulipotimia, Mwalimu alikwenda hospitali amevaa gauni la kutokea na viatu vimepigwa rangi. Alisalimia kila mtu koridoni. Alipanda kitandani mwenyewe, bila kushikwa mkono. Lala-Chali alimweka vilevile kama mara ya kwanza, boksi lilelile, miguu vilevile, kwa sababu ukimlaza mtu tofauti unapima tofauti. Mkono wa mashine ukapita mgongoni.

Kompyuta ikaleta namba: ongezeko la asilimia kumi na moja.

Moyo ulimruka Lala-Chali. Alikuwa tayari amefungua mdomo. Kisha macho yake, yaliyozoea, yakashuka kwenye picha. Pingili ya pili ya uti wa mgongo imepanda kidogo. Ya nne imepanda kidogo. Ya tatu, katikati yao, imeruka juu kama imepewa ngazi. Na juu ya hiyo ya tatu palikuwa na madoa meupe matatu, ya mviringo, kama vifungo vya shati.

Gauni la hospitali alilolivaa halikuwa na vifungo. Lilikuwa na kamba.

Kabla hajatoa neno, Mwalimu alikuwa ameshaketi na kuinama mbele. Mtu aliyezunguka kati ya madawati miaka thelathini na minane husoma karatasi ya mwenzake hata ikiwa imepinduliwa.

"Kumi na moja!" alisema. "Asilimia kumi na moja!"

"Mwalimu, ngoja kwan..."

Hakungoja. Alijifunga lile shuka lake kiunoni, akafungua mlango, na korido nzima ikamsikia. "Jamani! Mifupa yangu imepanda asilimia kumi na moja! Kwa kiti na maharage!" Wanawake wa benchi la kusubiri wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa magongo akagonga sakafu kwa gongo. Muuza dawa akatoa kichwa dirishani akapunga mkono.

Lala-Chali alibaki na kiti chake cha magurudumu. Nitakuwa mkweli: alifikiria kunyamaza. Ingekuwa rahisi. Furaha ile haikumdhuru mtu, na kwa mara ya kwanza mama mkwe wake alikuwa akitangaza kazi yake kwa watu bila kuiita upigaji picha. Lakini karatasi hiyo ingekwenda kwa daktari, na daktari akiona asilimia kumi na moja huenda akasema dripu ya mwaka huu si lazima. Mfupa ungelipia uongo wa karatasi. Akapiga moyo konde, akasimama mlangoni.

"Mama, njoo ndani kidogo."

Alipoitwa Mama badala ya Mwalimu, kicheko kilimpungua. Akaingia. Mlango ukafungwa.

"Asubuhi umekula nini?"

"Chai na mkate."

"Na nini?"

"Yai."

"Na nini tena?"

Mwalimu akatazama dari. Dari haikuwa na kitu. "Vidonge vya kalsiamu."

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Si nilikupa karatasi? Imeandikwa usimeze kalsiamu tangu siku moja kabla."

"Nimeisoma." Alikuwa akijikunjia ncha ya shuka. "Nikadhani hiyo ni ya watu ambao hawajajiandaa. Nikasema niiongezee mifupa nguvu kidogo, si leo ndiyo leo?"

Lala-Chali akageuza kompyuta, akamwekea kidole kwenye yale madoa. Mwalimu akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hivi ni vyenyewe?"

"Ni vyenyewe. Viko tumboni bado, vimelala mbele ya pingili ya tatu. Mashine haijui kidonge na mfupa. Imevijumlisha vyote."

Mwalimu akayahesabu madoa kwa kidole, moja, mbili, tatu.

"Kwa hiyo nimeibia," alisema Mwalimu.

"Sikusema hivyo."

"Nasema mimi. Nilimtoa mtoto chumba cha mtihani kwa kuficha majibu kwenye soksi. Alilia, na sikumwonea huruma." Alivua miwani. "Mimi nimeficha tumboni!"

Walitazamana. Aliyeanza hajulikani, kila mmoja mpaka leo anamsingizia mwenzake, lakini walicheka mpaka Lala-Chali akashika ukingo wa kitanda na Mwalimu akatafuta dawa yake ya kuvuta. Walipotulia, machozi bado mashavuni, Mwalimu akajifunga shuka upya na kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kuna deni langu huko nje."

Benchi lilipomwona likaanza tena vigelegele. Akainua mkono, na wote wakanyamaza, kama darasa.

"Ndugu zangu, nawaomba mnirudishie vigelegele vyangu. Matokeo yamefutwa. Nilimeza vidonge asubuhi, mashine ikavihesabu mifupa." Akangoja vicheko vipungue. "Na mjue, mkwe wangu huyu angeweza kuniachia. Hakuniachia. Basi ninyi mtakaoingia baada yangu, mkiambiwa msimeze kitu, msimeze!"

Mwanamke mmoja kwenye benchi akashika tama, akauliza kwa sauti ndogo, "Hata kimoja?" Akapangiwa siku nyingine.

Mwalimu naye alipangiwa Jumatatu. Siku nne hizo nyumba ilipoa. Jedwali la nyuma ya mlango liliendelea kujaa, ila sauti ya kuhesabu haikusikika tena ukutani. Jumapili mchana Lala-Chali alimkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma, mikono mapajani.

"Na kama ni sifuri?" Mwalimu aliuliza bila kugeuka. "Kama mwaka mzima ilikuwa vidonge tu?"

Lala-Chali alikuwa ameziona zile pingili mbili za jirani, lakini picha iliyoharibika haisomwi nusu, na hakutaka kumpa tumaini la kubahatisha. Akaketi ngazi ya chini yake.

"Basi tutajua ni sifuri, tutaanzia hapo. Mimi nitakuwepo."

"Kumbe kazi yako ngumu," Mwalimu alisema. "Mimi nilifikiri unabonyeza tu."

Jumatatu aliingia tumbo likiwa na chai, mkate na yai. Alivitaja mwenyewe mlangoni, kimoja kimoja, akihesabu kwa vidole. Akalazwa. Mkono ukapita mgongoni, ukapita nyonga, kisha ukaanza safari ndefu ya mwili mzima, kutoka utosini mpaka vidole vya miguu. Lala-Chali alisoma namba, akazisoma tena, akalinganisha pingili moja moja na za mwaka uliopita. Safari hii zilikuwa zimepanda pamoja, hakuna iliyoruka wenzake.

"Asilimia nne," alisema.

"Nne." Mwalimu alikuwa bado amelala, macho darini. "Nne si nyingi."

"Mama, sikiliza. Mtu akipata moja au mbili, sisi hatusemi kitu, huenda ni mtikisiko wa mashine. Nne ni mfupa. Mfupa wa kweli, umejengwa na wewe. Ulikuwa hasi mbili nukta tisa, sasa ni hasi mbili nukta sita."

"Bado chini ya sifuri."

"Bado. Lakini unapanda darasa."

Mwalimu akaanza kutabasamu, taratibu, upande mmoja kwanza. "Na kilo?"

"Sabini na nne."

"Unaona!"

"Ngoja. Mafuta yamepungua kilo mbili. Misuli imeongezeka kilo mbili, na nyingi iko miguuni. Ndiyo maana mizani yako haikusema kitu."

Mwalimu akaketi, akaishusha miguu yake kitandani na kuitazama, mmoja halafu wa pili, kama watoto wawili waliofanya vizuri bila kumwambia. Akasimama. Hakushika kitanda, hakushika mkono wa mtu. Akamvuta Lala-Chali kifuani kwake na kumkumbatia kwa nguvu hata kalamu ya mfukoni ikavunjika.

Daktari alipoziona karatasi mbili, ya Alhamisi na ya Jumatatu, alisikiliza kisa kizima na kuomba kisimuliwe tena kuanzia yai. Dripu ikaendelea. Kisha akasema, nusu utani, kwamba wagonjwa wake humwitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, wakifika nyumbani wanakaa tu, zoezi hawafanyi.

"Niletee mimi," alisema Mwalimu.

Sasa kila Jumatano asubuhi, kwenye korido ile, viti vya plastiki hupangwa safu mbili. Mwalimu husimama mbele na rula mkononi. Wapo wa pumu, wapo wa figo, yupo yule mzee wa magongo ambaye sasa anakuja na gongo moja. Mikono kifuani, migongo wima, kusimama na kukaa mara kumi na tano. Anayeshika kiti anatajwa.

Wiki iliyopita daktari alipita na faili kwapani, akafanya kosa la kutabasamu.

"Daktari, kiti hicho kitupu."

"Mwalimu, nina mgonjwa..."

"Wote hapa ni wagonjwa wako. Kaa."

Alikaa. Alianza kwa mbwembwe. Ya nane alikuwa amevua koti, ya kumi na moja uso umelowa, ya kumi na tatu akabaki kitini, akihema, huku bibi wa miaka sabini na mbili pembeni yake akiendelea bila wasiwasi. Lala-Chali alifungua mlango wake wakati huohuo kumwita mgonjwa wa kwanza. Aliita jina mara moja. Aliita mara ya pili.

"Subiri, mwanangu," mgonjwa alijibu, akinyanyuka, jasho likimtiririka na meno yote nje. "Zimebaki mbili."

Lala-Chali akaegemea mlango, akahesabu naye.